Hivi ni kweli kinga ya mwili ndo inayowasha yale mafuta yanayotoa joto, au tunapigwa kamba?

#1 kipupwe
Wakuu salama? Naenda moja kwa moja. Juzi nilikuwa nasoma habari za mafuta ya kahawia, yale ambayo mwili hauyaweki akiba bali unayachoma ili upate joto. Hayo nayajua siku nyingi, kwamba mtoto mchanga anayo mgongoni katikati ya mabega. Kilichoniacha mdomo wazi ni kwamba ndani ya mafuta hayo kumejaa seli za kinga, na eti ndo zinaamua yawake au yalale. Sasa mimi najua askari wa mwili kazi yao kupigana na vijidudu, huko kwenye mafuta wanafanya nini, wanaota moto? Na je ndo maana mtu akiugua homa wiki moja tu suruali inamdondoka? Wenye nondo washushe.

#2 Mzee wa Bukta
Siti ya mbele kabisa. Mimi tumbo langu limegoma kuwaka mwaka wa kumi huu.

#3 Dokta Nusu
Kwanza tuelewane mafuta yenyewe. Kuna meupe, seli moja imebeba tone moja kubwa la mafuta, hiyo ni stoo tu. Kuna ya kahawia, seli ina vitone vidogo vingi na mitokondria, vile vijiinjini vya seli, zimesongamana, ile rangi inatokana na madini ya chuma yaliyomo kwenye hizo mitokondria pamoja na mishipa midogo ya damu ambayo ni mingi sana pale. Mitokondria za kawaida zinachoma chakula zinapata nguvu ambayo seli inaitumia kufanya kazi, lakini hizi zina protini inaitwa UCP1 ambayo inafanya ile nguvu isiende kwenye kazi. Ni kama gari liko nyutro halafu wewe unakanyaga moto, injini inanguruma inachemka ila gari halisogei, na joto la injini ndo lililokuwa linatafutwa.

Na anayekanyaga ni neva. Ubongo ukipata habari ya baridi unatuma ujumbe kupitia neva za simpathetiki, zile zinazofanya kazi bila wewe kuamua, zinamwaga kemikali ya ujumbe inaitwa noradrenalini kwenye mafuta, kazi inaanza. Kwa hiyo mimi msimamo wangu, mwasha moto ni neva, hizo seli za kinga ni wapita njia tu.

#4 Tausi77
Naongezea kwa Dokta, sio watoto tu. Zamani iliaminika mtu akikua yanakwisha, mpaka 2009 zilipotoka tafiti tatu kwa mpigo kwenye jarida moja la madaktari, kutoka Marekani, Uholanzi na Finland, zikaonyesha watu wazima nao wanayo, shingoni, juu ya mfupa wa mtulinga, kando ya uti wa mgongo na karibu na figo.

Na hili nimeliona kwa macho. Mama mdogo alitibiwa kansa, akawa anarudi kwenye kipimo cha PET, wanakuchoma sukari yenye mionzi halafu picha inaonyesha wapi inanyonywa kwa wingi. Picha ikatoka shingo inawaka pande zote mbili kama mtu kavaa mkufu wa taa. Nyumbani tulilia jamani, tukajua imerudi. Siku mbili baadae mtaalamu mwingine kaiangalia akauliza swali moja tu, kile chumba cha kusubiria kilikuwa na baridi? Mama mdogo akasema nilikuwa natetemeka pale na kanga yangu moja. Basi wakarudia kipimo, safari hii kafunikwa blanketi kabla hata ya sindano. Shingo giza, hakuna kitu, ilikuwa mafuta ya kahawia yananyonya sukari. Sasa hivi akienda anabeba blanketi lake mwenyewe, hamwamini mtu.

#5 Nyuki Mkali
@Tausi77 poleni aisee, hilo blanketi lipewe cheo.

#6 Fundi Saa
Dokta Nusu hapo kwenye wapita njia nakukatalia. 2011 ulitoka utafiti kwenye jarida la Nature, timu ya Ajay Chawla kule California, waliwaweka panya kwenye baridi wakakuta makrofeji zilizoko kwenye mafuta, yani zile seli walafi zinazomeza uchafu na vijidudu, zinabadilika tabia. Kuna makrofeji za shari na kuna za upole, baridi inazisukuma kwenda upande wa upole, na hizo za upole zikawa zinatengeneza noradrenalini ZENYEWE. Panya wasiokuwa na uwezo huo walishindwa kulinda joto la mwili. Kwa hiyo mleta mada uko sahihi, askari ndo wanawasha jiko.

#7 kipupwe
Aaah sasa ndo naelewa. Asante Fundi.

#8 Mwanamaabara
Usielewe haraka hivyo mkuu. Fundi Saa kaishia nusu ya sinema.

2017 kuna kundi la maabara kadhaa zilizoungana kulirudia suala hilo. Ili seli itengeneze noradrenalini lazima iwe na kimeng'enya fulani cha kuanzia kazi, hawakukiona cha maana kwenye makrofeji. Wakakiondoa kwenye seli za damu za panya, panya wakaendelea kuchoma nishati kama kawaida, baridi haikuwatisha. Kwa kifupi walisema makrofeji haziwashi kwa njia ile.

Ila mwaka huohuo ikatoka habari nyingine inayogeuza kibao kabisa. Timu ya Ana Domingos ilikuta makrofeji zimezikumbatia neva zenyewe ndani ya mafuta, na zina mlango maalumu wa kuivuta noradrenalini ndani na kuivunjavunja. Yani neva inamwaga, mlafi anafyonza. Kwa panya wanene walafi hao walikuwa wengi zaidi, ule mlango ukizibwa noradrenalini inabaki nje, mafuta yanachomwa, panya anapungua. Kwa hiyo ukiniuliza mimi, kinga hapo ni mtu anayetembea na ndoo ya maji nyuma ya mwasha moto.

#9 Nyuki Mkali
Hahaha Fundi Saa katulia tuli. Saa imesimama.

#10 Fundi Saa
Sijasimama nakunywa chai. Mwanamaabara nakubali kwenye 2017, sikuwa nayo. Ila kusema chanzo cha noradrenalini sio makrofeji haimaanishi makrofeji hazina kazi, ni vitu viwili tofauti hivyo. Na hiyo ya mwisho uliyoleta inaniunga mkono, kumbe mkono wa kinga upo kwenye swichi, tumebishana tu kama unawasha au unazima.

#11 Bibi wa Wajukuu Saba
Wanangu habari zenu. Mimi sijasoma hayo ya noradrenalini lakini nimelea watoto na sasa nalea wajukuu, nataka niulize. Mtoto mchanga hatetemeki, ukimvua nguo pakiwa na baridi unamwona ananyamaza tu, ngozi inabadilika rangi, ila ukimshika pale nyuma ya shingo pana joto. Ndo mafuta hayo? Na mbona mimi siku hizi baridi inanimaliza, ujana wangu sikuwa hivi?

#12 Dokta Nusu
Shikamoo bibi. Ndiyo, hayohayo. Mchanga misuli yake haijaweza kutetemeka vizuri kwa hiyo anategemea hayo mafuta kupata joto. Ila bibi yasikutie imani kupita kiasi, akiba yake ni ndogo, mtoto aliyezaliwa njiti anayo kidogo zaidi, ndo maana tunasisitiza afunikwe kichwa na awekwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi.

#13 Bibi wa Wajukuu Saba
Marahaba mwanangu. La pili hujanijibu.

#14 Mwanamaabara
Shikamoo bibi, hilo la pili nalidaka mimi. Umri ukienda mafuta ya kahawia yanapungua kwa watu, hilo limeonekana kwenye picha za PET. Na 2017 tena, mwaka ulikuwa na mambo huo, walikuta kwa panya wazee makrofeji za mafuta ya tumbo zinaongeza vimeng'enya vya kuvunja noradrenalini, kwa hiyo ujumbe wa neva unafika dhaifu na mafuta hayayeyuki vizuri hata ukifunga kula. Hayo ni mafuta ya tumbo sio ya kahawia lakini wahusika walewale, mlafi na ndoo yake.

#15 Mzee wa Bukta
Kumbe tumbo langu lina walafi ndani ya mlafi.

#16 ngozi ya ng'ombe
Mnazungumzia makrofeji tu kana kwamba kinga ni wao peke yao. Kuna mafuta ya aina ya tatu hamjayataja, yanaitwa ya beji, hayo ni seli zinazotokea ndani ya mafuta meupe zikaanza kufanya kazi kama za kahawia. Hapo ndo kinga inapoingia kwa miguu yote miwili. 2014 timu ileile ya Chawla ilionyesha kuna seli zinaitwa eosinofili, ambazo wengi mnazijua kwa aleji na minyoo, zinakaa kwenye mafuta zinamwaga interlukini 4, moja ya kemikali ambazo seli za kinga zinatumia kupeana ujumbe, na hiyo ikawa njia ya kufanya mafuta meupe yageuke beji panya akipata baridi.

Halafu 2015 zikaja tafiti mbili karibu kwa wakati mmoja, zote zinahusu seli za kinga zinazoitwa ILC2, zikachokozwa na interlukini 33 mafuta yanaanza kubadilika. Utamu uko hapa, zimekubaliana nani kafanya ila zimetofautiana kafanyaje. Mmoja anasema ILC2 na eosinofili zinapeleka interlukini 13 na 4 kwa seli changa za mafuta, seli changa zinakua kuwa beji. Mwingine anasema hapana, ILC2 zinatoa enkefalini, kitu cha jamii moja na zile dawa za maumivu ambazo mwili unajitengenezea wenyewe, na hicho kinagonga seli ya mafuta moja kwa moja. Mpaka leo wapo wanaoshika hili na wanaoshika lile.

#17 Nyuki Mkali
Subiri subiri. Eosinofili si zinaongezeka mtu akiwa na minyoo? Yani nikiwa na minyoo nakonda mara mbili, wanakula chakula changu na wananiwashia mafuta? Jamani nimepata biashara.

#18 ngozi ya ng'ombe
Unacheka lakini hilo wamelifanya kweli kwa panya. 2011 waliwaambukiza panya wanaokula mafuta mengi aina ya mnyoo, eosinofili zikajaa kwenye mafuta na sukari ya damu ikawa nzuri zaidi. USIJARIBU. Mnyoo wa binadamu ana mambo yake, upungufu wa damu, utumbo kuziba, mtoto kudumaa.

#19 Nyuki Mkali
Biashara imekufa kabla ya ufunguzi.

#20 Mwanamaabara
Niwape picha kidogo maana wengine wanaongelea haya mafuta kama hadithi. Nimefanya kazi na panya miaka minne. Unamlaza kifudifudi, unafungua ngozi ya mgongoni, juu unakutana na mafuta meupe laini, ukiyaondoa taratibu kwa koleo chini yake unakuta kitu kina mabawa mawili kama kipepeo, rangi yake inakaribia ya ini. Ndo mafuta ya kahawia. Panya aliyekaa kwenye nyuzi 4 kipepeo ni cheusi kidogo kimekaza, aliyekaa kwenye nyuzi 30 kimepauka kimejaa matone, mgeni atakwambia haya ni mafuta meupe tu.

Na hapo ndo kuna jambo ambalo wote mliotaja panya juu huko, na mimi nikiwemo, tumeliruka. Panya anaona raha kwenye nyuzi 30 hivi. Vyumba vingi vya kufugia panya vinawekwa nyuzi 20 hadi 22 kwa sababu ndo raha ya mfanyakazi mwenye koti. Maana yake yule panya "wa kawaida" kwenye tafiti nyingi yuko kwenye baridi maisha yake yote na mafuta yake yanafanya kazi usiku na mchana. Panya walioondolewa UCP1 kwenye nyuzi za kawaida za maabara hawakunenepa, watu wakashangaa, 2009 wakawapeleka kwenye nyuzi 30 ndo wakanenepa. Hata seli za kinga zenyewe zinabadilika tabia na joto la chumba. Sasa ukiniambia seli fulani inawasha mafuta swali langu la kwanza ni chumba kilikuwa nyuzi ngapi.

#21 Fundi Saa
Sasa Mwanamaabara umechoma nyumba yote pamoja na ya kwako.

#22 Mwanamaabara
Ya kwangu ilishaungua zamani mkuu.

#23 Tausi77
Kuna maelezo mengine sijaona mtu kaleta. Seli T za gamma-delta, aina nyingine ya askari wa kinga. Hizi zipo kwenye mafuta kwa wingi, 2018 zilionekana zinatoa interlukini 17 na kusaidia mafuta kulinda joto, halafu 2020 wengine wakaonyesha zinaambia seli za mafuta zitoe kitu kinachovutia neva ziote matawi zaidi. Yani kinga haiwashi wala haizimi, kinga inavuta NYAYA. Hii inampa Dokta Nusu haki yake ya neva na inampa Fundi haki yake ya kinga.

#24 Dokta Nusu
Nimeipenda hiyo ya nyaya. Naona kama inaelekea kwangu zaidi lakini sitaki ugomvi.

#25 ngozi ya ng'ombe
Inaelekea kwako wapi, nyaya zimewekwa na nani?

#26 kipupwe
Jamani na mimi mleta mada nina swali langu la homa bado liko pale juu linaota ukungu.

#27 Salumu wa Barafu
Homa = mafuta ya kahawia, mbona rahisi. Kinga inamwaga sitokini, yani kemikali zake za ujumbe, ubongo unaongeza kipimo cha joto, mafuta ya kahawia yanawaka, unachemka, unakonda. Ndo maana mimi naoga maji ya baridi kila alfajiri miezi nane sasa, nachochea mafuta na kinga kwa pamoja, sijaugua mafua.

#28 Mwanamaabara
@Salumu wa Barafu nusu ya kwanza sawa, ubongo unapandisha kipimo kupitia kemikali inaitwa prostaglandini. Nusu ya pili hapana. Panya waliokosa UCP1 wakipewa sumu ya bakteria homa wanapata vilevile. Mwili unabana mishipa ya ngozi ili joto lisitoke, unatetemeka, unajikunja, hayo yanatosha. Na uvimbe wa kinga, yani ule unaotokea seli za kinga zikichachamaa, ukikolea na kumwaga sitokini za shari kama TNF na interlukini 1 beta, seli za mafuta zinapunguza kabisa UCP1. Ndo kinachotokea kwa mtu mnene, mafuta meupe yamejaa makrofeji za shari, uwezo wa kuwa beji unakufa.

#29 Dokta Nusu
kipupwe suala la suruali, kila nyuzi moja ya homa inaongeza matumizi ya nishati kama asilimia 10 hadi 13 hivi. Weka na kutokula, jasho, kutapika, misuli kuvunjwa. Kilo nyingi za wiki ya kwanza ni maji na misuli, mafuta yanachangia kidogo. Mafuta ya kahawia ya mtu mzima mara nyingi hayafiki hata robo kilo, usiyabebeshe lawama ya suruali.

#30 Salumu wa Barafu
Kwa hiyo maji yangu ya baridi ni ujinga? Kuna watu walikaa kwenye nyuzi 17 masaa mawili kila siku kwa wiki sita, Japani, 2013, mafuta ya mwili yakapungua na ya kahawia yakaamka.

#31 Tausi77
Sio ujinga ila dakika tatu za kupiga kelele bafuni sio masaa mawili kaka.

#32 Nyuki Mkali
Dakika tatu ni pamoja na kuingia na kutoka.

#33 Salumu wa Barafu
Nyuki nakuona.

#34 mkaa chini
Nilikuwa nasoma tu ila hapa niseme. Wote mnaongea kama mafuta kuwaka ni neema. Baba yangu alikuwa na kansa ya kongosho, alikula, nasema alikula kabisa mbele yangu na mimi nikimlisha, na bado alikwisha. Tulipomkumbatia kila wiki tunahisi mbavu zaidi. Nilipouliza niliambiwa ni ugonjwa wenyewe unakula mwili. Baadae nikasoma kwamba 2014 kwa panya wenye kansa waliona mafuta meupe yanageuka kuwa ya kuchoma, na interlukini 6 ambayo ni ya kinga inachangia. Na wagonjwa walioungua moto vibaya nao 2015 walikutwa hivyohivyo, mafuta yao meupe yamekuwa beji. Kwa hiyo swali la kinga inawasha au inazima kwangu lina sura nyingine.

#35 Fundi Saa
Pole sana ndugu yangu.

#36 Bibi wa Wajukuu Saba
Pole mwanangu. Mungu amrehemu baba.

#37 ngozi ya ng'ombe
Pole mkuu, na umeleta jambo zito. Ndo maana maneno ya "kinga ya shari inazima, kinga ya upole inawasha" yananikera, interlukini 6 ni ya uvimbe na hapo inawasha. Upande wa pili kuna interlukini 10, hii ni mpatanishi mkubwa, kazi yake kutuliza uvimbe, 2018 walikuta panya wasiokuwa nayo wanachoma nishati zaidi na mafuta yao yana dalili za beji. Yani mpatanishi ndo kazima jiko.

#38 Mzee wa Bukta
Sasa dawa ipo au haipo? Maana nimesoma yote haya.

#39 Dokta Nusu
Mzee wangu ipo dawa ya kibofu, mirabegroni, 2015 waliwapa vijana wenye afya dozi kubwa kuliko ya kibofu, mafuta ya kahawia yakawaka kweli, moyo nao ukaenda mbio. Bado sio ya kupunguza tumbo. Na akitokea mtu mtandaoni akakuuzia kitu kinaitwa DNP KIMBIA. Hiyo inafanya kila mitokondria ya mwili ikae nyutro, sio za kahawia tu. Ilitumika kupunguza unene miaka ya 1930, watu wakachemka mpaka kufa, wengine macho yakaingia mtoto wa jicho, Marekani ikaipiga marufuku 1938. Hakuna dawa ya kuizuia ikishaingia.

#40 Mzee wa Bukta
Nabaki na bukta yangu.

#41 kipupwe
Nimesoma mpaka hapa, kwa hiyo tuna: neva peke yake (Dokta), walafi wenye ndoo (Mwanamaabara), ILC2 kwa njia mbili ambazo hazijapatana (ngozi), mafundi wa nyaya (Tausi), na chumba cha panya kina baridi. Nimeacha kitu?

#42 Fundi Saa
Umeacha ya kwangu.

#43 Nyuki Mkali
Ya kwako ilizikwa 2017 mkuu.

#44 Fundi Saa
Haijazikwa yote. Makrofeji za mafuta ya kahawia zinameza pia mitokondria mbovu ambazo seli za mafuta zinazitema zikichoka na kazi, 2022 hiyo, wakaziondoa makrofeji mitokondria mbovu zikarundikana na joto likapungua. Hapo utaniambia ndoo ya maji? Huyo ni mzoa majivu. Jiko lisilozolewa majivu linawaka?

#45 Mwanamaabara
Hilo la majivu nakupa.

#46 mama Zawadi
Samahani nimechelewa kuingia. Mimi natumia dawa za kushusha kinga mwaka wa tatu sasa kwa ajili ya viungo, na tangu nianze sihimili baridi hata kidogo, nalala na soksi na sweta. Kwa mliyoandika hapa juu kuna uhusiano au ni umri tu?

#47 Mwanamaabara
Dada unatumia zipi? Zipo za jamii ya steroidi na zipo zinazozuia TNF, hazifanani hata kidogo. Na umepima damu na tezi ya shingo? Nipo zamu, nikitoka narudi hapa.

#48 Nyuki Mkali
Kabla hajarudi mama Zawadi muazime Tausi lile blanketi.